Kusafiri kwa ndege na vifaa vya kupandia farasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpanda farasi wa Afrika Mashariki akienda ng'ambo, mara nyingi huenda bila farasi. Mnyama anabaki bandani na saisi wake, na mwenye safari anakwenda kupanda farasi wa mwenyeji. Kinachovuka bahari ni begi: helmeti, buti, pengine tandiko. Maswali haya huniijia kila msimu kutoka kwa vijana wa polo, wa kuruka viunzi na wa mbio za masafa marefu, na kutoka kwa jamaa walio Muscat, London na Toronto wanaotaka kuja nyumbani kupanda. Nimefunga mizigo ya aina hii mara nyingi, yangu na ya wenzangu, na makosa mengi yaliyotajwa humu nimeyafanya mwenyewe.

Kwa nini nisiende na farasi wangu?

Gharama peke yake ingetosha kuwa jibu, lakini kizuizi kikubwa ni maradhi. Ukanda wetu una ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, na nchi nyingi zinaogopa kuupokea. Mwaka 1987 Hispania iliupata kupitia pundamilia walioletwa kutoka Namibia, na mwaka 2020 ukazuka Thailand. Baada ya hapo usitarajie mtu akufungulie mlango kwa tabasamu. Ndiyo maana mashindano mengi wanayokwenda vijana wetu huwa ya farasi wa kuazima.

Sasa nibebe nini, niache nini?

Kanuni yangu ni hii: kinachogusa mwili wako kibebe, kinachogusa mwili wa farasi mwachie mwenyeji. Helmeti, buti, glavu, suruali na fulana ya kinga vimezoea umbo lako, na cha kuazima kitakubana au kukupwaya. Lakini lijamu, hatamu, mkanda wa tumbo na pedi ya chini ya tandiko hupimwa kwa farasi. Farasi ambaye hujamwona, utajuaje upana wa mdomo wake?

Tandiko liko katikati, maana linagusa wote wawili. Linalokukaa vizuri wewe linaweza kumuumiza mgongo farasi wa watu. Kabla hujafunga chochote, muulize mwenyeji swali moja: farasi nitakayepewa ana tandiko lake? Akisema ndiyo, umeokoa kilo nane na usingizi wa usiku mmoja.

Tandiko linaweza kuhesabiwa kama begi la kawaida?

Mara nyingi ndiyo. Tandiko la Kiingereza lina uzito wa kilo 5 hadi 10 hivi kabla ya kuweka vikuku (vyuma vya kukanyagia) na mikanda yake. La kimarekani la wachunga ng'ombe laweza kufika kilo 15, hata 20. Begi la daraja la kawaida kwa mashirika mengi lina kikomo cha kilo 23, na karibu kila mahali begi moja halipokelewi likizidi kilo 32, hata ukiwa tayari kulipa, kwa sababu kuna binadamu anayelinyanyua.

Angalia vipimo pia. Kikomo kinachotumika sana ni sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Tandiko la Kiingereza ndani ya sanduku kubwa hupita bila shida, ila la kimarekani lenye pembe na sketi ndefu za ngozi linaweza kuzidi. Mashirika mengine huliweka kwenye kundi la vifaa vya michezo, mengine hayana habari na michezo yako. Uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi, halafu lichapishe. Mhudumu wa kaunta saa tisa usiku hana muda wa kusikiliza ulivyoambiwa na mwenzake kwenye simu.

Nilifungeje lisivunjike?

Ndani ya tandiko kuna kiunzi, cha mbao zenye chuma au cha plastiki ngumu. Ngozi ikichubuka utaipaka mafuta, lakini kiunzi kikipasuka tandiko limekufa, na ubaya wake ni kwamba kwa nje halionyeshi kitu.

Hilo nililijua kwa gharama. Mwaka mmoja nililifunga la kwangu kwenye begi laini, kichwa cha mbele kikiangalia chini, nikajaza nguo juu tu. Lilifika likiwa zuri machoni. Siku ya pili farasi alianza kukunja mgongo kila nikikaa, na saisi wa pale, mzee mpole, akalishika tandiko mara moja tu akasema, "Hili limevunjika, mwanangu." Alikuwa amelibana kichwa cha mbele kwa mikono miwili, likacheza. Kichwa cha mbele hakitakiwi kucheza hata kidogo. Jaribio la pili alilonifundisha ni kulishikilia kichwa kwenye paja na kuvuta nyuma ya kiti. Kiti kinaweza kunesa kidogo, lakini ngozi ikijikunja mikunjo mikali au ukasikia mlio, hapo kuna jambo.

Tangu siku hiyo naanza kwa kuvua vikuku, mikanda yake na mkanda wa tumbo, maana chuma kikilala juu ya ngozi kwa saa kumi kinaacha alama isiyofutika. Nafasi iliyo chini ya tandiko, pale ambapo mgongo wa farasi ungekaa, naijaza taulo na suruali zilizoviringishwa hadi tandiko lisimame lenyewe. Kichwa cha mbele na nyuma ya kiti vinapata mto wa soksi au sweta. Kisha lote linaingia kwenye sanduku gumu, likiwa limekaa kama linavyokaa juu ya farasi. Vikuku naviweka juu kabisa, ndani ya soksi: vyuma vile kwenye skana ni vipande vyeusi vinavyotia shaka, na mkaguzi akivipata upesi hatachimba mpaka chini kuharibu kazi yako.

Usikaze mzigo kwa kamba zinazopita juu ya kiti. Na kibandiko cha "rahisi kuvunjika" weka ukipenda. Mimi naweka, ingawa siamini kuna anayekisoma.

Siwezi kuingia nalo ndani ya ndege?

La kawaida haliwezi. Emirates na Qatar Airways, ambazo wengi wetu hupanda, zimeweka kilo 7 kwa mzigo wa mkononi wa daraja la kawaida, na tandiko lenye mabawa, zile ngozi pana za ubavuni, haliingii kwenye kabati la juu la kiti hata ukilisukuma kwa goti. Tandiko la joki ni hadithi nyingine. Mengine ya mbio za Ngong hayafiki hata kilo moja, na joki anaweza kulitia begani kama mfuko wa sokoni.

Helmeti niiweke wapi?

Mkononi, daima. Povu lililo ndani ya helmeti limeundwa kuvunjika mara moja ili kichwa chako kisivunjike. Begi likidondoshwa kutoka kwenye toroli, povu laweza kufanya kazi yake pale pale, na wewe ukaja kuivaa ikiwa haina kinga tena, bila ufa wowote kuonekana. Ndani yake weka glavu na soksi kuokoa nafasi, bila kuikandamiza.

Kabla ya kuondoka tazama kibandiko cha ndani. Mashindano ya Marekani huangalia zaidi alama ya kiwango cha ASTM F1163 yenye muhuri wa SEI, taasisi inayothibitisha vifaa vya usalama. Uingereza na Ulaya wana viwango vyao, kama PAS 015 na VG1, na orodha hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Helmeti yenye alama mbili au tatu huepusha mabishano. Nimeona kijana akizuiwa kwenye uwanja wa mazoezi kwa sababu ya kibandiko kilichobanduka. Helmeti ilikuwa nzima, lakini hakuwa na cha kuthibitishia.

Na buti ndefu?

Zivae ukiweza kuvumilia, au zibebe mkononi. Zikifungwa begini zijaze nguo hadi juu zisikunjike kwenye kifundo. Ukizivaa, jiandae kuzivua kwenye ukaguzi, maana zipu na kibati cha ndani ya soli huliza mashine. Kuvua buti ya kupandia mbele ya foleni ya watu hamsini ni mazoezi tosha.

Nina fulana ya hewa yenye mtungi wa gesi. Itaruhusiwa?

Hili ndilo swali linalokwamisha watu wengi. Fulana inayojaa hewa ukianguka hutumia mtungi mdogo wa kaboni dayoksaidi, na kwenye ndege mtungi wowote wa gesi ni mzigo wa hatari hadi uthibitishwe vinginevyo. Kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, zinaruhusu mitungi miwili midogo iliyofungwa kwenye vazi la kujiokoa la aina hiyo, pamoja na miwili ya akiba, lakini kwa sharti kwamba shirika la ndege likubali kwanza. Neno "likubali" ndilo la kushika. Ukifika kaunta bila kibali, sheria haikusaidii.

Andikia shirika wiki moja au mbili kabla. Taja aina ya gesi, uzito ulioandikwa kwenye mtungi, idadi, na kwamba ni vazi la usalama. Chapisha majibu pamoja na karatasi ya mtengenezaji. Beba na ufunguo wa kufungulia mtungi, kwa sababu wakaguzi wengine watataka uutoe mbele yao. Kama unaunganisha ndege mbili za mashirika tofauti, omba kwa yote mawili. Njia rahisi kuliko zote ni kubeba fulana tupu na kununua mtungi ukifika. Kwenye nchi zenye mashindano makubwa huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya farasi, ila hakikisha ni wa chapa na ukubwa ule ule.

Fulana ngumu ya povu haina maneno. Iviringishe juu ya tandiko, itakuwa mto mzuri.

Mjeledi, vyuma vya kisigino, chuma cha kuchokolea kwato?

Vyote chini, kwenye begi la kupakiwa. Pengine mkaguzi mmoja atakupitisha na mjeledi mfupi mkononi, na mwenzake wa uwanja unaofuata atautupa kwenye pipa. Chuma cha kwato kina ncha, na mkasi wa kukatia manyoya una makali. Hakuna cha kujadili hapo.

Magongo ya polo je?

Gongo la polo lina urefu wa inchi 48 hadi 54, yaani kati ya sentimita 122 na 137, na halikunjwi wala halifunguliwi. Ukiliweka kwenye mfuko wake, jumla ya vipimo inapita sentimita 158. Liandikishe mapema kama kifaa cha michezo, na uulize kama shirika linalipokea kwa masharti ya vifaa vya gofu, kwa kuwa maumbo yanakaribiana na wahudumu wa kaunta wanalijua gofu.

Fimbo ya gongo ni ya henzirani, inanesa lakini haipendi kupigwa ubavuni. Funga magongo pamoja, vichwa vikipishana, kila kichwa kikiwa na taulo lake, na uyatie kwenye bomba gumu au sanduku la gofu. Ukienda kucheza mechi mbili tu, azima. Wachezaji wa polo ni wagumu wa kuazimana farasi, magongo hawana kinyongo nayo.

Sabuni ya ngozi, mafuta, dawa ya nzi, mashine ya kunyolea farasi?

Sabuni ya kipande haina tatizo popote. Mafuta ya ngozi ya maji yawe kwenye begi la chini, ndani ya kopo lililobanwa, kwa kuwa mkononi kikomo kwenye viwanja vingi ni mililita 100 kwa chupa. Makopo ya kupuliza yanayoshika moto, yale ya kung'arishia ngozi au manyoya, hayaruhusiwi si chini wala juu, kwa sababu hayahesabiwi kama vipodozi vya mwilini. Dawa ya nzi na kupe iache nyumbani, ni sumu ya wadudu. Mashine ya kunyolea inaweza kwenda chini, lakini betri zake za akiba za lithiamu lazima ziwe mkononi. Zisizozidi Wh 100 (saa-wati, kipimo cha nishati kinachoandikwa kwenye betri) hupita bila kibali.

Dawa za farasi za sindano au za maumivu usizibebe kabisa. Kuna ambazo daktari wa mifugo hutumia kila siku lakini uwanja wa ndege huzihesabu kuwa dawa za kulevya.

Watanikagua uchafu kweli?

Wataukagua, na wana sababu. Australia haikuwahi kuwa na mafua ya farasi hadi Agosti 2007. Virusi vilifika na farasi walioletwa kutoka Japani wakawekwa karantini Eastern Creek, Sydney. Farasi hao hawakutoka nje ya ua, lakini ugonjwa ulitoka. Tume iliyoongozwa na Ian Callinan, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ilichunguza ikaona kwamba yaelekea virusi vilitoka kwa mtu au kifaa kilichochafuka ambacho hakikusafishwa ipasavyo. Vikaenea kwenye maelfu ya mashamba ya New South Wales na Queensland, farasi wakakatazwa kusafirishwa, mbio zikafutwa. Kwa hiyo ofisa wa Sydney akigeuza buti yako kutazama soli, anaangalia mlango ambao ugonjwa umewahi kuupitia.

Ukienda Australia au New Zealand, tangaza kwenye kadi ya abiria kwamba una vifaa vilivyotumika kwa farasi, hata kama vinang'aa. Ukitangaza, kibaya zaidi ni kusafishiwa au kunyang'anywa kitu. Ukificha, kuna faini, na hata viza yaweza kufutwa. Marekani nayo huuliza kwenye forodha kama umekuwa karibu na mifugo au shambani. Kenya na Tanzania zina ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, na buti iliyokanyaga boma inawahusu. Sema ndiyo. Mara nyingi watakupigia soli dawa na kukuruhusu upite.

Usafishaji wenyewe usiachie usiku wa mwisho. Ngozi inahitaji siku mbili kukauka kivulini, na kuifunga ikiwa mbichi ni kualika ukungu. Piga brashi kavu kwanza, ndipo uje na maji na sabuni. Pekua mishono ya buti kwa mswaki wa zamani. Mahali panaposahaulika ni mikanda ya kunata ya fulana na glavu: inashika mbigili na mbegu za nyasi za Naivasha au Usa River kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Zitoe moja moja kwa kibano. Pedi ya chini ya tandiko fua kwa maji ya moto, na manyoya ya farasi yakigoma kutoka, acha pedi nyumbani. Pedi ya manyoya ya kondoo iwe imetengenezwa kiwandani kikamilifu. Ngozi mbichi ya kijijini haivuki mpaka.

Nimchukulie farasi zawadi, kama karoti au shayiri?

Hapana. Mnunulie ukifika.

Forodha ya nyumbani haitanitoza kodi nikirudi na tandiko langu?

Vifaa vyako vya zamani unavyorudi navyo ni mali yako binafsi, lakini ofisa hajui kama tandiko umelinunua jana huko ulikotoka. Kabla ya kuondoka, lipige picha pamoja na namba iliyogongwa chini ya bawa, weka risiti ya zamani kwenye simu, na kama ni la bei kubwa omba forodha iliandikishe unapotoka. Ukilinunua jipya ng'ambo, litangaze. Tandiko jipya lina harufu ambayo hata asiyejua farasi anaitambua.

Limevunjika au halikufika. Nifanye nini?

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Fungua sanduku hapo hapo, fanya lile jaribio la kubana kichwa cha mbele, piga picha, na uandikishe ripoti kwenye dawati la mizigo ukabaki na nakala. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimo, unakupa siku 7 za kudai kwa maandishi mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu ukabidhiwe kama ulichelewa.

Fidia ina kikomo: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kinachokaribia dola 2,000. Tandiko zuri la kuruka viunzi linaweza kupita hapo lenyewe, kabla hujahesabu nguo zako. Unaweza kutangaza thamani ya juu kwenye kaunta na kulipia nyongeza, au kukata bima. Soma maandishi madogo ya bima, nyingine hazitambui vifaa vya michezo.

Ninakuja Kenya au Tanzania kwa safari ya farasi mbugani. Kuna tofauti?

Kubwa. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara au Laikipia kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, mzigo wa mkononi ukiwemo, na begi liwe laini lisilo na magurudumu, maana linasokomezwa kwenye upenyo chini ya tumbo la ndege. Sanduku gumu nililolisifia hapo juu litabaki Nairobi. Tandiko usilete kabisa. Wenye safari hizo wana yao yaliyopimwa kwa farasi wao, na hutaki kilomita thelathini za nyika kwenye tandiko lililomchubua mnyama. Leta helmeti, buti fupi zenye kinga ya shavu la mguu, na suruali mbili. Ukilazimika kuzidisha kilo, baadhi ya mashirika hayo hukuuzia kiti cha ziada kwa ajili ya mzigo.

Na buti zako usizifunge kwenye mfuko wa plastiki wa dukani. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na Rwanda iliwatangulia wote mwaka 2008. Tumia mfuko wa kitambaa, au foronya ya zamani kama ninavyofanya mimi.